Mjadala: Je, Osborne Morgan alipoteza miaka 10 kwa ajili ya makaburi?

Ndugu wajumbe,

Mchangiaji aliyenitangulia amedai kwamba George Osborne Morgan, wakili na mbunge wa Kiliberali wa Denbighshire, Wales, tangu 1868, alikata matawi akaacha shina: badala ya kulikabili Kanisa la Anglikana, lililokuwa kanisa rasmi la dola, alihangaika miaka 10 na sheria ya maziko. Hoja hiyo ina uzito, lakini siikubali.

Vijijini Wales watu wengi walisali katika makanisa ya Kimethodisti, Kibaptisti na mengine yasiyo rasmi, ilhali mara nyingi mahali pekee pa kuzikia palikuwa uwanja wa kanisa la parokia, ambako ibada iliyoruhusiwa ni ya Kianglikana tu. Na mtoto aliyefariki bila kubatizwa hakustahili hata hiyo. Mfiwa haambiwi asubiri mfumo wa dola ubadilike. Morgan, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa kasisi wa Kianglikana, alianza kupeleka muswada wake bungeni mwaka 1870, akaurudisha kikao baada ya kikao, hadi serikali ya waziri mkuu Gladstone ilipopitisha sheria mwaka 1880. Kuanzia hapo wafiwa walitoa taarifa ya maandishi saa 48 kabla, kisha wakazika kwa ibada ya Kikristo waliyoitaka, au bila ibada.

Wanaomlaumu hutaja kesi ya Llanfrothen ya 1888. Robert Roberts, mfanyakazi wa machimbo ya mawe, alitaka kuzikwa kando ya binti yake. Kasisi akakataa ibada isiyo ya Kianglikana, akitegemea hati ya ardhi ya makaburi hayo, iliyoandikwa baada ya sheria ya 1880 na kudai ibada ya Kianglikana pekee. Kwa ushauri wa mwanasheria kijana, David Lloyd George, familia iliingia makaburini kwa nguvu ikamzika, ikashtakiwa na kushindwa, kisha ikashinda rufaa London. Kesi hiyo inaonyesha udhaifu wa sheria ya Morgan, kwani ufunguo wa lango ulibaki kwa kasisi. Hata hivyo, bila sheria hiyo Lloyd George angeshika nini mahakamani?

Kanisa la Anglikana liliondolewa hadhi yake rasmi Wales kwa sheria ya 1914, iliyoanza kutumika 1920, wakati Morgan alikwisha kufariki mwaka 1897. Namwomba basi mchangiaji mwenzangu atueleze: katika miaka 40 kati ya sheria ya 1880 na kuanza kutumika kwa ile ya 1914, watu hao wangezikwa wapi, na kwa ibada ya nani?