Naombeni ushauri: nichukue kazi ya ukocha wa futiboli chuo kidogo au niachane nayo kabisa?

Nyarugusu_hadi_Iowa
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 25, wazazi wangu ni wa Uvira, nimezaliwa kambini Nyarugusu kule Kigoma na tukaletwa huku Iowa nikiwa na miaka 11. Nazungumzia futiboli ya Kimarekani jamani, ile ya helmeti na kuangushana, siyo soka. Nimecheza sekondari, nikacheza miaka minne chuo kidogo cha Divisheni ya 3, yaani ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo huku, na sasa namaliza mwaka wa pili kama kocha msaidizi huku nasoma masta. Ada wananilipia, posho ni ndogo, chumba nalala wawili na kocha mwenzangu.

Ili mjue naongea nini, Jumamosi tukicheza ugenini tunarudi saa sita usiku, wachezaji wanaenda kulala, mimi na mwenzangu tunabaki kuingiza jezi zaidi ya mia kwenye mashine za kufulia, vile vichembe vyeusi vya raba vya nyasi bandia unavikuta mpaka ndani ya soksi zako, halafu kabla ya saa mbili asubuhi Jumapili video ya mechi iwe imeshakatwakatwa kila kocha apate kipande chake. Hiyo hainisumbui kabisa, naipenda. Kijana wa miaka 18 umemwonyesha pa kuweka mkono wake wa kwanza mpira ukianza, wiki tatu hawezi, ya nne anafanya bila kufikiri, mimi hapo nasahau hata njaa.

Sasa chuo kingine, mwendo wa saa tatu kutoka kwa mama, wamenipa ofa ya kudumu. Kufundisha safu ya mbele ya ulinzi na pia kusimamia usajili, dola 34,000 kwa mwaka na bima ya afya. Mjomba naye kanitafutia nafasi kiwanda cha nyama, msimamizi wa shifti, dola 58,000. Nina mchumba, mahari bado sijamaliza. Mama anasema hajavuka Ziwa Tanganyika na kulea watoto wanne ili mmoja akafue jezi.

Kuna jambo lingine ndilo linaninyima usingizi. Mwaka juzi nilienda nyumbani kwa familia ya Kikongo kumsajili kijana wao. Mama yake haongei Kiingereza, tukaongea Kiswahili, akafurahi akanipikia sombe na bugali. Akaniuliza, mwanangu akivunjika mguu nani analipa? Nikamjibu vizuri. Akaniuliza chuo ni bure? Nikasema kuna msaada mkubwa. Na kweli ulikuwepo, ila haukutosha. Kijana amekaa mwaka mmoja, hakupata namba, kaondoka na deni. Yule mama aliniamini kwa sababu ya lugha. Kazi hii mpya wanataka nilete vijana 25 kila mwaka.

Nifanyeje?

shabiki_wa_Kirumba
Mkuu pole. Mimi niko Mwanza naomba kueleweshwa kwanza, chuo kidogo kinahitaji nini wachezaji zaidi ya mia? Si kumi na moja kumi na moja tu uwanjani?

mkongwe_wa_Ohio
Swali zuri ndugu wa Mwanza, na jibu lake ndiyo kazi yenyewe anayoitiwa huyu kijana. Divisheni ya 3 ilianzishwa 1973 na sheria yake kubwa ni kwamba hakuna skolashipu ya michezo hata dola moja. Divisheni ya 2 chuo kinaruhusiwa futiboli skolashipu 36 za kugawagawa, ligi za NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo, vingi vidogo) 24, lakini ya 3 ni sifuri. Msaada unatoka kwa sababu ya maksi au hali ya familia, kinachobaki familia inalipa. Kwa hiyo kila mchezaji kwa chuo ni ada inaingia, analipia na bweni na chakula. Chuo cha wanafunzi 900 kikipata wachezaji 120 wa futiboli, piga hesabu mwenyewe sehemu gani ya chuo inaingia kupitia mlango wa kocha. Kocha wa chuo kidogo nusu ya mwaka ni mwalimu wa mchezo na nusu nyingine ni mtu wa udahili, na akikosa idadi ya vijana wanaotakiwa anaweza kufukuzwa hata kama ameshinda mechi.

Wewe mdogo wangu usidharau lakini. Mimi naishi karibu na Alliance, hapa Ohio, chuo cha Mount Union kiko hapo. Larry Kehres amefundisha pale kuanzia 1986 mpaka 2012, kashinda 332, kapoteza 24, sare 3, ubingwa wa taifa mara 11. Nick Sirianni amecheza kwake, kisha akawa kocha msaidizi palepale, akaenda chuo cha Divisheni ya 2 Pennsylvania kufundisha wapokeaji, na Februari 2025 alikuwa kocha mkuu wa Philadelphia Eagles, timu ya ligi ya kulipwa, wakichukua Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi hiyo. Mpira ule ule, video zile zile za kukata.

Dada_Hesabu
Samahani kaka Ohio, mifano kama hiyo ndiyo inawapoteza vijana. Kwa kila Sirianni kuna mamia wamefika miaka 35 wamehama majimbo sita hawana hata akiba ya uzeeni. Mimi ni mhasibu, nauliza ya kihasibu.

Kwanza mdogo wangu hicho chuo kina hali gani? Vyuo vidogo vinafungwa. Hapo hapo Iowa, Iowa Wesleyan kilikuwepo tangu 1842 na kikafungwa 2023, na timu ya futiboli walikuwa nayo. Finlandia kule Michigan mwaka huo huo. Birmingham-Southern Alabama 2024. Makocha wa vyuo hivyo wote waliamka hawana kazi. Watoto wanaozaliwa Marekani walianza kupungua baada ya 2007, sasa hivi ndiyo miaka ambayo hao waliopungua wanatimiza 18, kwa hiyo kugombania wanafunzi kutazidi kuwa kukali. Chuo binafsi kisicho cha faida kinajaza fomu 990 ya mamlaka ya kodi na hiyo fomu iko wazi, itafute, angalia miaka mitatu mapato na matumizi. Kama kila mwaka wana hasara na wanakula akiba, usihamishe godoro lako.

Pili, mkataba ni wa miezi 10 au 12? Bima inaanza lini? Petroli ya kuzunguka kusajili nani analipa, maana wengine wanakwambia tunza risiti tutakurudishia na pesa zinakuja baada ya miezi miwili. Mimi nimekaa na mume kocha miaka saba, kadi ya benki yetu ilikuwa inaendesha timu ya chuo.

mwalimu_texas
Habari ya jioni. Mimi ni Mkenya, nafundisha hesabu high school huku Texas na mimi ni kocha pia. Bro umesahau njia ya tatu. Chukua leseni ya ualimu, fundisha darasa, kocha jioni. Unapata mshahara wa mwalimu, juu yake posho ya ukocha, pensheni, na unalala kwako. Makocha wakuu wa shule kubwa za Texas wengine wanapita dola laki moja. Hakuna kumwambia mzazi asaini mkopo, watoto ni wa mtaa wako tu. Ubaya ni kwamba huku futiboli ni kama dini, ukipoteza tatu mfululizo mpaka kwenye supamaketi wanakuuliza.

Nyarugusu_hadi_Iowa
Asante mwalimu, hiyo ya leseni nimewahi kuifikiria. Dada Hesabu fomu nimeitafuta leo, hasara mwaka mmoja kati ya mitatu, siyo kubwa. Mkataba ni miezi 12. Petroli sikuuliza kweli.

Mama_wa_Wanne
Mwanangu, nakuandikia kutoka Minnesota, nina vijana wanne na wawili wamecheza huo mchezo. Naomba nikuambie ya John Gagliardi, kwa sababu wanaume hapa wanahesabu ushindi tu. Alianza kufundisha akiwa na miaka 16 huko Colorado, 1943, kocha wao alichukuliwa vitani na timu ikabaki haina mtu. Akaenda Montana chuo kidogo, halafu 1953 akaja hapa kwetu Saint John's, Collegeville, akabaki mpaka 2012. Ushindi 489, hakuna aliyewahi kufika hapo kwenye futiboli ya vyuo. Lakini sikia nilichopendea mimi. Mazoezini hakuruhusu kuangushana kabisa. Hakuwa na filimbi. Wachezaji hawakumwita kocha, walimwita John. Mimi kama mzazi nikimpeleka mwanangu kwa mtu nataka mtu wa namna hiyo, amekaa pale miaka karibu 60 na kila mtu anajua nyumba yake iko wapi, siyo mtu ambaye akimaliza kunisainisha karatasi mwaka kesho yuko jimbo lingine.

Na huyo mama aliyekupikia sombe, ulimpigia simu tangu kijana wake aondoke?

Nyarugusu_hadi_Iowa
Shikamoo mama. Sijampigia. Naona aibu.

Mama_wa_Wanne
Marahaba mwanangu. Mpigie kwanza huyo, ndiyo uje tuongee mshahara.

mkongwe_wa_Ohio
Mama amesema kweli na mimi narudi nyuma kidogo. Ila nimjibu Dada Hesabu kwa heshima, simwambii kijana kwamba atafika Super Bowl. Ninachosema ni kwamba chuo kidogo ndiko unakojifunza kazi yote, maana hakuna mtu mwingine wa kuifanya. Lance Leipold alicheza Whitewater, chuo cha Divisheni ya 3 huko Wisconsin, akaanza ukocha palepale, akazunguka vyuo vya Nebraska mpaka vidogo kabisa, alipopewa Whitewater kama kocha mkuu 2007 alikuwa ameshapita 40. Miaka minane, ubingwa sita, kashinda 109 kapoteza 6. Leo yuko Chuo Kikuu cha Kansas, Divisheni ya 1. Kalen DeBoer alikuwa kocha mkuu chuo cha Sioux Falls, NAIA, 67 kwa 3, na baada ya hapo alienda kuwa msaidizi wa watu miaka mingi kabla ya kupewa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama Januari 2024. Na Curt Cignetti yeye aligeuza, 2011 aliacha kazi ya usaidizi Alabama akashuka Divisheni ya 2, mshahara ukapungua, kwa sababu alitaka timu yake mwenyewe. Watu walimshangaa. Huyo ndiye Chuo Kikuu cha Indiana walimchukua 2023 awe kocha mkuu.

Dada_Hesabu
Sawa kaka, na wote hao watatu ungewauliza wake zao pia. Mdogo wangu mchumba wako anasemaje? Hujamtaja zaidi ya mahari.

Kalemie_boy
Mie nataka kusema ya kiwanda, kwa sababu niko ndani mwaka wa sita. Dola 58,000 ni za kweli, msimamizi anazipata, lakini uulize mikono. Huku baridi ya ndani ni kila siku, mimi vidole vya kulia haviniitiki asubuhi mpaka nivilowanishe maji ya moto. Nimejenga nyumba Kalemie na pesa hiyo, sijutii. Ila ndugu yangu, wewe una digrii na unakaribia masta, na nafasi ya kiwanda haiishi, ukirudi baada ya miaka miwili utaikuta. Ile ya ukocha ukiacha ukiwa na 25 wanakusahau.

mwalimu_texas
Kalemie boy umeongea. Na kuhusu hao vijana 25, usikubali kichwa kichwa. Uliza kocha mkuu, wale mliosajili mwaka juzi wamebaki wangapi leo? Kama anajua majina, huyo ni mtu. Kama anajua tu idadi ya walioingia, kimbia.

Halafu ukienda kwa mzazi nenda na karatasi. Gharama yote ya mwaka, toa msaada ambao siyo wa kurudisha, kinachobaki ndicho kitu cha kumwonyesha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi mkopo wa serikali mwisho wake dola 5,500, kwa hiyo kama pengo ni 14,000 mzazi ajue hiyo nyingine inatoka kwake, na ajue kwa Kiswahili, siyo kwa barua ya Kiingereza ya kurasa nne.

Nyarugusu_hadi_Iowa
Nimerudi wakuu, samahani nimekaa kimya siku tano.

Mchumba wangu nimemsomea uzi wote. Amesema yeye ni nesi msaidizi, kazi ataipata popote, lakini anataka miaka mitatu tu, kama mwaka wa tatu bado ni 34,000 nakwenda kuchukua leseni ya ualimu kama mwalimu wa Texas alivyosema. Nimekubali na tumeandika kwenye daftari.

Kocha mkuu nilimpigia Jumanne. Petroli chuo kinatoa gari na kadi. Nikamuuliza ile ya waliobaki, akanyamaza kidogo nikajua nimeharibu, kumbe anafungua droo. Akanisomea majina. Walioingia 31, waliobaki 19, na wale 12 alinieleza mmoja mmoja ameenda wapi na kwa nini, wawili alisema ni kosa lake. Nikamwambia ukweli kwamba sitaingia nyumba ya mtu bila karatasi ya gharama. Akasema niandae mfano wake, akiona inafaa atawapa na makocha wengine.

Yule mama nilimpigia jana usiku. Nilishika simu kama nusu saa kwanza. Nilimwomba samahani, nikamwambia nilisema msaada mkubwa bila kumwambia pengo. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kijana anasomea kuchomelea vyuma sasa hivi, chuo cha hapo mjini, anarudi kulala nyumbani, deni wanalipa pole pole. Akampa simu tukaongea vizuri tu. Kabla ya kukata mama akairudia simu akaniuliza, na hicho chuo chako kipya ada yake ni ngapi, maana mdogo wake naye ameanza kucheza, yuko darasa la kumi na moja.

Nimemwambia nitamletea namba zote zimeandikwa, akae nazo na mumewe wiki nzima kabla hajaongea na kocha yeyote hata mimi. Jumamosi naenda kukiona chuo na mama yangu anakuja, amesema anataka kuona hizo mashine za kufulia kwa macho yake.