Baada ya kipaimara, ni nani anayemlea Mkristo katika ushirika?

Mzee wa Isevya (Tabora) ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Mimi ni mzee wa kanisa katika ushirika mmoja wa Kimoravian hapa Tabora mjini, na ninaleta jambo ambalo sisi wazee tumelijadili mara nyingi bila kulimaliza. Kila mwaka tunaendesha darasa la kipaimara. Vijana wanajifunza Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana, wanajibu maswali mbele ya waumini, wanawekewa mikono na kukaribishwa kwenye meza ya Bwana. Siku hiyo kanisa hujaa, na nyumbani wazazi huandaa sherehe. Baada ya hapo hatuna utaratibu wowote wa kumfuatilia kijana yule mpaka atakapokuja kuandikisha ndoa au tutakapoitwa kumzika mzazi wake. Mwenye sauti huingia kwaya, na kwaya humlea kwa namna yake. Asiye na sauti hukaa mabenchi ya nyuma, kisha hatumwoni tena, na wengine tunasikia kwamba wamebatizwa upya mahali pengine.

Simlaumu mchungaji wetu, kwa sababu ana vituo vya nje, vikao na misiba isiyokwisha. Ninachokitazama ni sisi tuliochaguliwa kumsaidia. Tunahesabu sadaka, tunasimamia ujenzi, tunasuluhisha wanandoa na kupanga zamu za ibada. Ibada za nyumba kwa nyumba zipo, lakini sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kusoma majina ya waliomaliza ahadi zao za michango na wale ambao hawajamaliza, hivi kwamba mtu asiye na fedha huona ni afadhali asije. Bwana alituagiza kuwafanya mataifa kuwa wanafunzi wake na kuwafundisha kuyashika yote aliyotuamuru, nami naona tumeishika sehemu ya kubatiza tu.

Naomba mnisaidie: kazi hii ni ya nani katika ushirika, na viongozi wajipange vipi ili ifanyike? Ningependa zaidi kuwasikia waliokwisha kuifanya.

Mwinjilisti Mstaafu (Urambo) amejibu:

Asifiwe milele, mzee mwenzangu.

Jibu la swali lako limo katika asili ya kanisa letu lenyewe. Wamishenari wa Kimoravian walipoipokea kazi ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa Shirika la Misioni la London, walikuja na utaratibu uliozaliwa Herrnhut, huko Ujerumani. Mwaka 1727 wakimbizi wa imani waliokuwa wakiishi pale, ambao walikuwa wamefarakana vibaya, walikubaliana kanuni za maisha ya pamoja na kuchagua wazee 12 kutoka miongoni mwao. Mmoja wao alikuwa Christian David, seremala, yule aliyekata mti wa kwanza wa kukijenga kijiji hicho mwaka 1722. Wazee wale waliwekwa ili kuangalia mwenendo na hali ya kiroho ya waumini, na katika mwaka uleule waumini wakaanza kukutana katika vikundi vidogo, ambamo kila mtu aliulizwa habari za moyo wake na mtu anayemjua. Uamsho wa tarehe 13 Agosti, tunaoukumbuka kila mwaka, uliwakuta watu ambao tayari walikuwa wameanza kutunzana.

Hata leo kwetu askofu ni mchungaji wa wachungaji, wakati uendeshaji wa kanisa uko mikononi mwa Sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, na viongozi inaowachagua. Kanisa la namna hii halikukusudiwa kumtegemea mtu mmoja, kwa hiyo ushirika unaosubiri mchungaji apate nafasi ndipo waumini walelewe unajinyima kitu ambacho ni urithi wake. Nasema haya kwa uchungu, maana nimeona ushirika wenye wazee hodari kabisa wakisubiri hivyo kwa miaka mingi.

Sasa nieleze tulivyofanya huku. Siku ya kipaimara, mbele ya waumini wote, kila kijana anatajiwa jina la mzee atakayemlea, na mzee anasimama pamoja naye. Hakuna mzee anayepewa vijana wengi; watatu wanatosha. Wanasoma pamoja kitabu cha Neno la Siku, ambacho Wamoravian wamekichapa kila mwaka tangu 1731, na mzee anamwuliza kijana maswali ya kawaida: unaombaje, unapataje fedha zako, unaishije na wazazi wako, ni nani unayemchukia. Mtu akishazoea kuulizwa hivyo kwa upendo, hakimbii.

Jambo gumu lilikuwa muda. Wengi wetu huku tunalima tumbaku, na kuanzia kupandikiza miche mpaka majani yatoke kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, usitegemee mkulima kuhudhuria kipindi cha katikati ya wiki. Tuliacha kuwaita kanisani miezi hiyo. Moto wa bani hulindwa usiku na mchana, na wanaoulinda hukaa wawili au watatu kwa saa nyingi bila kazi nyingine ila kuchochea na kutazama joto. Mzee, ambaye naye ni mkulima, huenda na Biblia yake akakaa nao hapo. Mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia juu ya deni, haki ya vibarua na uaminifu katika kupanga madaraja ya tumbaku yalifanyika kwenye mabani.

Mama wa Kasulu amejibu:

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Mwanglikana, lakini naomba nichangie kwa sababu shida hii ni yetu sote.

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulifika mpaka huku kwetu Buha, na bibi zetu waliulea. Walikutana kila wiki, wakasoma Neno, wakaungama na kupatanishwa, na mchungaji alipokuwapo aliketi kama ndugu mmojawapo. Wanawake ambao hawakuwahi kupewa nafasi ya kusimama madhabahuni walikuwa walezi wa watu wengi. Ndiyo maana ninauliza, baba mzee: katika hao wazee wenu, wanawake ni wangapi? Binti akishapata kipaimara akaolewa, mzee wa kiume hawezi kwenda kuketi naye na kumwuliza habari za moyo wake, na kusema kweli haipendezi afanye hivyo. Mpeni mama mtu mzima, aliyetulia katika ndoa yake au ujane wake, na mumheshimu kama mlezi kamili.

Naongeza tahadhari moja. Katika vikundi vyetu palikuwa na desturi ya kuungama mbele ya wote, na iliponya wengi, lakini palipokosekana hekima, siri za nyumba za watu zilitembea mpaka sokoni. Mlezi asiyeweza kutunza neno moyoni asipewe mtu, hata kama anasali mpaka alfajiri.

Mvuvi wa Katonga (Kigoma) amejibu:

Amani iwe kwenu. Mwinjilisti amesema kweli kuhusu muda. Sisi wavuvi wa dagaa tunafanya kazi usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Kanisa letu la Kipentekoste lilikuwa na mafundisho ya jioni katikati ya wiki, na wanaume hawakuonekana. Viongozi walipoanza kupanga mafundisho ya wanaume kwa kufuata mwezi, benchi zilijaa. Siku za giza mlezi huja mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa, akasalimia na kuomba na mtu mmoja mmoja.

Katibu wa Ushirika (Tabora) amejibu:

Nawasalimu katika jina la Bwana. Nakubaliana na mengi, ila kuna upande ambao haujasemwa, nami nitausema wazi kwa sababu nimeuona ukileta maumivu.

Mzee amechaguliwa kwa kura za waumini kwa sababu ni mwadilifu na anaheshimika. Hilo halimfanyi kuwa mwalimu. Katika ushirika mmoja ninaoufahamu, kikundi cha nyumbani kilikabidhiwa ndugu mwenye bidii kubwa, hakuna aliyemtembelea, na baada ya muda aliondoka na familia zote za kikundi kile kwenda kuanzisha kanisa lake. Paulo alimwagiza Timotheo awakabidhi mafundisho watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Uaminifu umetajwa, na kufaa kufundisha kumetajwa pia. Kwa hiyo mchungaji, hata akiwa na vituo vingi, asiondolewe katika jambo hili. Muda wake mdogo autumie kuwafundisha walezi, kwa ratiba ambayo hakuna kikao kingine kinachoweza kuifuta.

Walezi wawe wawili wawili, jambo hili lipitishwe kwenye halmashauri ya ushirika ili lisiwe la mtu, na fedha isikusanywe kabisa mahali pa malezi. Michango isomewe kanisani Jumapili. Ndugu aliyeshindwa kulipa ahadi ndiye mara nyingi anayehitaji kutembelewa kuliko wote.

Mzee wa Isevya (Tabora) amejibu:

Marahaba, mama, na asanteni wote.

Swali lako, mama, limenigusa: tunao wazee wa kike, lakini tumewapa mapambo ya kanisa na chakula cha wageni. Nitapeleka kwa mchungaji mambo matatu kabla ya halmashauri kukutana: kila kijana atajiwe walezi siku ileile ya kipaimara, walezi wa mabinti watoke kwa akina mama, na ahadi ziondolewe kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Hili la mwisho litapingwa na kamati ya ujenzi, kwa kuwa paa halijakamilika. Mwinjilisti, je, kwenu mlipoacha kudai ahadi majumbani, mapato yalishuka?

Mwinjilisti Mstaafu (Urambo) amejibu:

Yalishuka kwa msimu mmoja, mzee wangu, na kamati ililalamika sana. Mchungaji alisimama imara, akawaeleza waumini hali ya ujenzi kwa uwazi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na baada ya mauzo ya tumbaku watu walileta wenyewe. Mwombe mchungaji wako aseme neno hilo kwenye halmashauri kwa kinywa chake. Likitoka kwako peke yako, watadhani ni ugomvi wako na kamati.