Naenda kumkanda binti yangu Finland, shamba, msimu wa theluji. Nijiandaeje?

MamaSomoe_Lindi

Asalaam alaykum, na wengine wote habari zenu.

Mimi ni mama wa miaka 58, nakaa Lindi mjini. Binti yangu wa pili ameolewa na Mfini. Baba mkwe wake aliwahi kufanya kazi huku kwetu enzi za mradi wa RIPS, ule wa maendeleo ya vijijini wa Wafini hapa Lindi na Mtwara, wakubwa wenzangu mtaukumbuka. Sasa binti ni mjamzito, anatarajia mwanzoni mwa mwezi wa kwanza. Ni mimba ya kwanza na mama yake ndiyo mimi, kwa hiyo naenda. Nimepanga nitoke mwezi wa kumi na moja, nirudi wa nne.

Shida yangu ni kwamba hawakai mjini. Wanakaa shamba, mkoa unaitwa Karelia Kaskazini. Duka liko kilomita 22, jirani haonekani. Juzi ananiambia kwenye simu, "Mama, mwaka jana theluji ilifika dirishani." Dirisha la chini au la juu? Simu ikakatika.

Baridi kubwa niliyowahi kuionja mimi ni ya Rondo mwezi wa saba. Nilikwenda msibani, nikalala na blanketi na kanga tatu na bado nikamkumbatia shangazi mpaka alfajiri. Sasa huko wanasema inafika hasi 25.

Nivae nini? Nibebe chakula gani? Na maji ya moto ya kumkandia mzazi nitayapata wapi ikiwa nje yote barafu? Msinicheke.

Chande_wa_Mikindani

Shikamoo mama. Usihangaike, beba jiko dogo la mkaa kwenye begi. Usiku unawasha chumbani, unafunga dirisha, baridi haikusogelei. Sisi Njombe tulifanya hivyo miaka miwili.

Mnewala_Kaskazini

Chande ndugu yangu, futa hilo kabla mtu hajalifuata. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, na huko nyumba zimezibwa kila upenyo. Mlivyosalimika Njombe ni Mungu na mianya ya milango tu.

Shikamoo mama. Mimi mzaliwa wa Newala, huu ni mwaka wangu wa 11 Finland, saba kati ya hiyo nimekaa kijijini si mbali na Joensuu, yaani mkoa huo huo wa binti yako.

Kwanza tarehe zako. Viza ya matembezi ya Ulaya inakupa siku 90 ndani ya siku 180, basi. Mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne haiingii hata ukiikunja. Mkwe aulizie mapema, au uende mwishoni mwa Desemba urudi mwezi wa tatu. Kwa kazi inayokupeleka, hiyo inatosha.

Sasa baridi. Ndani ya nyumba hutaiona. Kuta zao nene, madirisha ya vioo viwili vitatu, watu wanakaa na fulana. Nilipata baridi zaidi Newala mwezi wa sita, ukungu unaingia mpaka kitandani, kuliko ndani ya nyumba yangu hii. Baridi iko kati ya mlango na gari. Kwa huko nje usibebe makoti mazito ya mtumba, utanunuliwa huko. Siri ni nguo ya ndani ya sufu, juu yake sweta, juu kabisa kitu kinachozuia upepo. Pamba usiiweke karibu na mwili, ikishika jasho inageuka maji baridi. Buti ziwe kubwa kidogo, vidole vicheze ndani. Buti ya kubana na soksi tatu ndiyo iliyofanya baridi iniunguze vidole mwaka wa kwanza.

Jiko ndilo nataka nikueleze vizuri, maana utabaki nalo peke yako mchana. Nyumba nyingi za shamba zina jiko kubwa la matofali katikati, zito kama kaburi la sultani. Halichomwi kutwa. Unaweka kuni za mti wao uitwao koivu, gome jeupe, zilizopasuliwa majira ya kuchipua na kukaushwa kiangazi kizima. Unawasha mara moja, zinaungua kwa nguvu saa moja au mbili, halafu matofali yanatunza joto mpaka kesho yake. Juu kwenye dohani kuna kifuniko cha kuvuta. Mgeni anaona moto umelala, anasema nifunge joto lisitoke. Usikifunge mpaka makaa yawe meusi kabisa! Ukiona hata kimwali cha bluu, acha. Ni hewa ile ile ya sumu ya jiko la Chande. Mwambie mkwe akuonyeshe kwa mkono, si kwa simu, na uulize king'ora cha hewa hiyo kiko wapi.

Maji: pampu ya kisima inaendeshwa na umeme, na theluji ikilemea miti inaangukia nyaya. Kwa hiyo tabia yetu ya kwetu ya kujaza madumu usiiache. Mtu wa Newala anajua kulinda maji, lakini hata mimi nilidanganyika. Umeme ulikatika, nikasema si theluji imejaa uani, nitayeyusha. Ndoo nzima nikapata maji ya kunawa uso. Theluji ni upepo mtupu.

Kutembea: unakwenda kuchokoa pweza maji yakitoka? Unajua kukanyaga mwamba wenye mwani. Basi ni hivyo hivyo, hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mfuko. Kuna miiba ya chuma inavishwa chini ya kiatu, itake siku ya kwanza. Na ukitoka nje gizani vaa kile kibati kinachong'aa taa ikikupiga, ni sheria.

Giza lenyewe ndilo litakusumbua kuliko baridi. Desemba jua linachomoza saa tatu na ushee, kabla ya saa tisa limezama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinakimbizana, ukisinzia kidogo umezikosa. Sisi weusi hasa tunahitaji vitamini D, mwulize mkunga wa huko kiasi gani. Mtoto naye atapewa matone yake tangu wiki ya pili, usishtuke.

MamaSomoe_Lindi

Marahaba wanangu. Chande nimekusamehe. Mnewala, Mungu akuzidishie, la viza nimeshampigia mkwe, naye kashika kichwa. Na maji ya moto ya kukandia?

Mnewala_Kaskazini

Mama, hilo ndilo jambo dogo kuliko yote. Karibu kila nyumba ya shamba ina sauna, chumba cha mbao chenye mawe ya moto na pipa la maji yanayochemka pembeni. Bibi zao zamani walikuwa wanazalia humo humo, maana ndipo palipokuwa na joto na maji safi. Mama mkwe wa binti akikuona unakunja kanga na beseni ataelewa bila mkalimani.

Chakula: nyama na maziwa usithubutu, forodha watatupa. Samaki ng'onda ruhusa, mpaka kilo 20. Korosho zilizokaangwa ruhusa. Nazi ruhusa, lakini embe na ming'oko mbichi, vile viazi vyetu vya porini, hapana. Beba mafuta ya nazi, ngozi itapasuka kama udongo wa Masasi mwezi wa kumi. Yataganda kwenye chupa kama samli, yaweke juu ya jiko kidogo.

Halafu nikuonye mapema. Mtoto akifikisha wiki chache watamfunga kama kifurushi, wamweke kwenye kigari, wamlaze NJE kwenye baridi alale usingizi wa mchana. Wengi wanafanya. Mimi mara ya kwanza niliona vigari viwili nje ya mkahawa nikadhani watoto wametelekezwa.

Mkunga_Masasi

Naongeza moja. Akijifungua kwa upasuaji usimkande tumbo kwa maji ya moto, mshono haujapona. Hata kwa njia ya kawaida, maji ya uvuguvugu yatosha, na muulize mkunga wake kwanza. Wamama wangapi nimewaona hapa na malengelenge kwa mapenzi ya mama zao.

MamaSomoe_Lindi

Nimesikia mkunga, nitapunguza ukali wa maji. Nazi naweka kumi, ng'onda nitaagiza Kilwa. Nguo za sufu mkwe anasema ameshanunua, na soksi zimefumwa na mama yake, ndefu mpaka gotini.

Lakini mjukuu wangu kulazwa nje kwenye barafu kama samaki wa mnadani, hilo hapana. Wakimtoa, na mimi natoka na kiti changu nakaa pale pale.