Saa ya kutengenezewa kwa ajili ya mama mkunga: Mjerumani, fundi wa Dar, au tuunge wenyewe?

Mwana_Makorora
Wadau, salaam. Mama anastaafu mwezi wa sita baada ya miaka 36 ya ukunga. Saa yake ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili aisome akiinamisha kidevu, imekufa mara ya tatu na fundi amesema basi. Mimi na dada zangu tumechanga, tunataka atengenezewe moja ya kwake peke yake. Mambo mawili hatuyaachii: mshale wa sekunde auone bila miwani, na isome saa zetu za Kiswahili. Mama hajawahi kukubali kwamba jua linachomoza saa sita.

Nimepata njia tatu. Kuna fundi anayejitegemea Ujerumani. Uso wa saa anauchonga kwa mkono, mashine ananunua Uswisi na kuinakshi, anataka theluthi ya hela mbele na miezi 14. Kuna fundi Dar anayechukua mashine ya saa kuukuu ya mfukoni na kuivika kasha jipya, karibu robo ya bei ya Mjerumani. Au tununue mashine ya NH35 ya Seiko, kasha na uso, tuunge sebuleni. Nipeni akili.

Fundi_Babu
Kijana, bei iache kwanza. Miaka 15 ijayo ikisimama, nani ataifungua? Uliza jina la mashine. Akikujibu ETA 6497, ile tuliyoizoea kwa jina la Unitas, lala usingizi. Ni pana, milimita 36.6, ya kutia ufunguo kwa mkono, inapiga mara 18,000 kwa saa, yaani tano kila sekunde. Fundi yeyote aliyefundwa anaijua. Mjerumani akifunga karakana kesho, mimi au kijana wangu tutaisafisha. Akikwambia kila gurudumu amelikata mwenyewe, mpe heshima yake, ila ujue jino likikatika saa inapanda ndege kurudi kwake.

Kibwana_Muscat
Shikamoo Fundi. Mwana_Makorora, hilo la kusoma saa za Kiswahili usililipie hata senti. Babu yangu Unguja alivaa saa ya kawaida ya dukani. Alivuta mishale tu mpaka saa sita mchana isome sita, akaishi hivyo mpaka anazikwa.

Na kuagiza saa si lazima kuwe kubuni mashine. Huku Oman, Sultan Qaboos aliagiza Rolex na Patek Philippe zenye nembo ya jambia usoni, watu wanazigombania minadani mpaka leo. Ndani ni mashine zilezile za kiwandani.

Dada_Likoni
Mbona mnahangaika, si inaning'inia kichwa chini? Tafuta saa isiyo na namba, ibandike juu chini. Saa sita mchana mshale utaelekea chini, penye sita. Kazi imekwisha 😂

Hesabu_za_Mwisho
Dada, mshale wa saa umeupatia, wa dakika umeusahau. Saa sita kamili nao utaelekea chini, utasoma na nusu. Kama wanataka uso wa kuchora, alama za dakika zikae palepale na namba za saa tu ndizo zizunguke, 6 juu na 12 chini. Mashine haiguswi.

Dada_Likoni
Nimekoma. Natoa maoni ya mkanda tu kuanzia leo.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Mimi naongelea kazi. Mapigo ya mtoto tumboni tunayategemea kati ya 110 na 160 kwa dakika, na tunayahesabu dakika nzima, jicho kwenye mshale, sikio kwenye chombo. Huo mshale uanzie katikati ya uso na ufike ukingoni. Kile kiduara cha sekunde cha saa za mfukoni ni urembo, mama mtu mzima hatakiona.

Anayesema saa isiyo ya betri haifai kwa sababu inakosea sekunde 10 kwa siku, mwambie agawe kwa dakika 1,440. Kwenye dakika moja haifiki hata sehemu ya mia ya sekunde. Ingawa mwenyewe navaa ya betri. Mshale ukiruka ruka mara moja kwa sekunde unahesabika vizuri.

Swali tu: si anastaafu?

Mwana_Makorora
Kwa karatasi, ndiyo. Juzi usiku wa manane walikuja wawili kumgongea.

Fundi_Babu
Nesi amenisuta kwa haki, 6497 sekunde yake ni ya kiduara. Basi kuna ETA 2801 au ndugu yake Sellita SW210. Zote za kutia ufunguo, sekunde katikati, zinapiga 28,800, mshale unateleza badala ya kuruka. Ni mashine za kawaida, kamani zake zinapatikana.

NH35 siidharau, sekunde yake iko katikati na ukiiharibu unanunua nyingine. Lakini ile hujijaza kwa mwendo wa mkono. Kifuani inaning'inia tu, kwa hiyo mama ataitia ufunguo kila siku kama hizi nyingine.

Kibwana_Muscat
NH35 ina tarehe pia. Ukifuata njia ya babu, tarehe itageuka mishale ikifika 12, yaani saa kumi na mbili. Ipange igeuke jioni. Kwa sisi tunaohesabu siku mpya kuanzia magharibi, hapo saa imesilimu kabisa.

Mlipa_Mbele
Nipunguze raha kidogo. Niliwahi kumlipa nusu fundi wa nje, jina naliacha. Miezi sita ya picha nzuri nzuri, halafu kimya. Hela ile sijaiona.

Kulipa mbele peke yake si utapeli. Breguet, fundi saa wa Paris, mwishoni mwa karne ya 18 aliuza saa za mshale mmoja kwa kuchukua robo ya bei kwanza, na fundi saa F.P. Journe mwaka 1999 aliuza saa zake 20 za mwanzo za tourbillon (zenye kizimba kinachozungusha kiini cha mapigo) kwa watu waliolipia kabla. Tofauti ni kile ulichoandikiwa. Michoro uidhinishe wewe, mashine itajwe kwa jina, awamu ya pili ilipwe ukishaona uso uliokamilika, na pawe na tarehe ambayo ikipita unarudishiwa chako. Kodi usiisahau. Ujerumani bei ya dukani imebeba VAT ya 19%, muulize kama anaiondoa kwa mteja wa nje, maana Tanzania utaikuta 18% inakusubiri bandarini, ushuru mbali.

Hesabu_za_Mwisho
Na miezi 14? Mama anastaafu mwezi wa sita.

Mwana_Makorora
Hapo ndipo Mjerumani ametoka. Nimempigia fundi wa Dar leo, nikamuuliza kama yuko tayari kuacha mashine kuukuu na kufunga SW210 mpya. Amekubali. Bei imepanda kidogo, ila kasha ni lilelile la fedha na anaweka kitanzi upande wa 6 ili ining'inie sawa. Uso mweupe, namba za kawaida, mishale tutaivuta kama babu yake Kibwana. Mshale wa sekunde mwekundu. Anataka theluthi, nimemwambia niandikie yote aliyoyataja Mlipa_Mbele, akacheka, akaandika.

Kilichobaki ni mgongo wa kasha. Dada mkubwa anataka jina la mama, mdogo anataka idadi ya watoto aliowapokea. Mama tumemuuliza kwa kuzungukazunguka, akasema aliacha kuhesabu akiwa Muheza.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Andikeni "Muheza".