Carina Ti inachemsha foleni tu, safari ndefu haina shida. Nianzie wapi?

Mama Cherehani

Habari za jioni wakuu. Nina Carina Ti ya 1998, injini 5A, namba B. Aliniachia marehemu kaka yangu, na mimi ujuzi wangu ni kuweka mafuta na kumwomba Mungu.

Nakaa Gongo la Mboto, fremu yangu ya kushona iko Kariakoo. Asubuhi natoka saa kumi na moja na nusu, barabara nyeupe, mshale wa joto hauna habari. Kasheshe ni kurudi jioni, na tangu waanze kujenga njia ya mwendokasi ndiyo usiseme. Kuanzia taa za Kamata mshale unapanda polepole, Vingunguti uko robo tatu, na juzi pale Banana ukagusa nyekundu. Nikazima gari katikati ya njia, mvuke unatoka pembeni mwa boneti, daladala nyuma yangu zinapiga honi kama nimeiba mtoto. Konda mmoja akanyoosha shingo: "Mama, hayo maharage yataiva saa ngapi?"

Sasa ajabu yenyewe. Jumapili nilikwenda msibani Morogoro, kilomita karibu 200, jua la mchana, watu watano na masufuria mawili. Mshale haukupanda kabisa! Ulikaa chini karibu na C, upande wa baridi, njia nzima. Nikasema limepona. Jumatatu jioni likachemsha tena.

Fundi wa mtaani anasema rejeta imekufa, ninunue nyingine, 180,000 bila ufundi. Wa pili anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe. Pesa sina hata ya jibu moja. Maji naongeza nusu lita hivi kila baada ya siku tatu, ya bomba. AC ilishakufa zamani.

Dogo wa Tegeta

Toa themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, piga feni direct izunguke muda wote, maisha yaendelee. Corolla 110 yangu inakata mwaka wa nne hivyo hivyo. Hizi gari zilitengenezwa kwa baridi ya Japani, themostati huku ni ya nini?

Mzee wa Spana

Dogo, watu kama wewe ndio mnaotulisha sisi wa gereji, asante sana.

Mama, rejeta usinunue kwanza. Gari likiwa kwenye mwendo wa 80 upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, hata feni ikiwa imekufa hutajua. Ukisimama foleni upepo umebaki ule wa feni peke yake. Kwa hiyo gari linalochemsha likisimama na kutulia likikimbia, wa kwanza kuhojiwa ni feni. Rejeta iliyoziba kwa ndani ingekuumbua kabla hujafika Chalinze, na watu watano hao.

Halafu hilo la mshale kukaa karibu na C umelileta kama sifa, mimi nimelisikia kama malalamiko. Carina ikishapata moto, mshale unatakiwa usimame chini kidogo ya katikati na ubaki hapo. Themostati inafungua kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo maji hayapiti rejeta, injini inapata joto lake. Ikikaa baridi safari nzima, basi themostati imekwama wazi au haimo. Mimi naweka dau haimo. Na kama haimo, mafuta yanakwenda zaidi ya inavyopaswa, kompyuta inadhani injini bado ni ya asubuhi.

Nijibu haya. Alfajiri ukiwasha swichi, kabla hata injini haijawaka, ulikuwa unasikia feni ikizunguka? Maji ya kwenye rejeta yana rangi gani? Geuza kile kifuniko cha kuwekea oili, chini yake kuna utando kama maziwa?

Jaribio moja la bure pia. Toyota za umri huu swichi ya joto ya feni inafanya kazi kinyume: ikichomolewa soketi yake na swichi ya gari iko ON, feni inatakiwa izunguke. Mwambie fundi umeme akuonyeshe ilipo. Yote haya injini ikiwa imepoa. Rejeta ikiwa ya moto usifungue kifuniko, mle maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamefungiwa presha. Ukifungua, yanachemka ghafla na kukurukia usoni.

Baba Mapacha

Naunga mkono mzee. Ya kwangu ilikuwa gasketi kweli, na dalili zilikuwa nyingine kabisa: moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, mapovu kwenye rejeta kila nikikanyaga mafuta, na ilichemsha popote, iwe Ubungo iwe Mikumi. Dada, kama huna hayo, usikubali injini ifunguliwe.

Ukikwama tena foleni na mshale unapanda, fungua hita yote kwenye moto na upepo wa mwisho, teremsha vioo. Utaoga jasho lakini inapunguza joto la injini mpaka upate pa kuegesha.

Mama Cherehani

Nimerudi. Mzee wangu, swali la kwanza limenisimamisha nywele. Enzi za kaka feni ilikuwa inanguruma pale pale ukigusa swichi, saa kumi na moja alfajiri, majirani wanaamka. Nikikaa kufikiri, ni kama miezi miwili sijaisikia. Mimi nikajua gari limetulia, nikafurahi!

Maji ni kama chai ya rangi, tena iliyokolea. Kifuniko cha oili kisafi. Mapovu hakuna. Moshi mweupe naouona alfajiri tu, dakika mbili umekwisha.

Kijana wa umeme amechomoa soketi, feni kimya. Ameirudisha, kimya. Anasema relei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, imekufa.

Mzee wa Spana

Asiuze relei bado. Feni inayonguruma alfajiri injini ikiwa ya barafu ilipigwa direct zamani, au waya wa swichi ya joto ulikatika. Kama ni direct, kuchomoa soketi hakukuambii chochote, waya wake hauko kwenye safari hiyo tena. Kosa langu, ningesubiri jibu lako kwanza.

Sasa fanya hivi: swichi ON, aweke taa ya kupimia kwenye soketi ya mota ya feni yenyewe. Taa isipowaka, ndipo mtafute fyuzi, relei na nyaya. Ikiwaka, umeme unafika na mota haitaki. Hapo airudishe soketi, achukue mpini wa bisibisi aigonge mota mgongoni, taratibu, kama unavyogonga yai. Vidole mbali na mapanga! Ikishtuka ikazunguka, kaboni za kupitisha umeme ndani ya mota zimelika. Ni haki yake, imezunguka miaka bila kupumzika.

Mama Cherehani

IMEZUNGUKA. Kagonga mara ya pili tu, ikawaka mpaka kijana karuka nyuma.

Wiki moja baadaye, naleta mrejesho. Mota mtumba Gerezani 45,000, tuliijaribu pale pale dukani kwenye betri. Themostati kweli haikuwemo, nyumba tupu, nimeweka mpya. Nyaya za feni zimerudishwa kwenye swichi yake, ile direct imekatwa. Rejeta imesafishwa mpaka maji yakatoka meupe, na ile nyingine ndogo ya AC iliyo mbele yake ilikuwa imejaa vumbi la Pugu na manyoya ya kuku, sijui ya nani. Nimeweka kulanti, maji maalumu ya rejeta, ya bomba basi.

Ijumaa Kamata hadi Banana saa moja na dakika ishirini. Mshale chini kidogo ya katikati. Nilizima redio nisikilize: feni inaanza, inakaa kidogo, inazima, inaanza tena. Sijawahi kusikia ikizima.

Ila kulanti bado inapungua, kama kikombe kwa wiki. Chini hapadondoki kitu.

Mzee wa Spana

Kifuniko cha rejeta. Kigeuze uone mpira wake, kama umekauka au umepasuka hakishiki presha. Kipya kiandikwe 0.9 kama cha zamani, usikubali cha 1.1 eti ni kikali zaidi, kitapasua mipira. Na uangalie kimpira kinachokwenda kwenye kile chupa cha akiba, mara nyingi kinakuwa na ufa usioonekana.

Dogo wa Tegeta

Mzee samahani. Hiyo themostati ya Carina inaingia kwenye 110?

Mzee wa Spana

Kama ni 5A, inaingia. Nunua na mpira wake wa kuzunguka. Ina kipini kidogo kinachochezacheza, hicho kikae juu, kinatolea hewa. Na uunganishe feni yako vizuri kabla haijaanza kudai kugongwa.