Ulinganisho: Partagás Serie D No. 4, Padrón 1964 au Hemingway Short Story? Naomba ushauri kabla sijatuma fedha

Mwana_Chumbageni
Wanajukwaa, habari za jioni. Nataka kununua kasha moja la sigaa zilizosokotwa kwa mkono, na baada ya kusoma kwa wiki mbili nimebakiwa na majina matatu: Partagás Serie D No. 4 ya Kuba, Padrón 1964 Anniversary ya Nikaragua, na Arturo Fuente Hemingway Short Story ya Jamhuri ya Dominika. Mimi mwenyewe nimevuta sigaa moja tu maishani, hiyo Partagás, kwenye harusi ya rafiki, nikaipenda ingawa iliniachia kizunguzungu mpaka nikaketi chini. Anayezijua zote tatu anieleze ipi ni bora. Fedha inatakiwa itumwe kabla ya Ijumaa.

Mzee_wa_Urambo
Kijana, umeuliza kama mtu anayeingia dukani akataka kuonyeshwa kitenge kizuri bila kusema kama ni cha harusini au cha msibani. Atakayevuta ni nani? Unanunulia nchi gani? Zikifika utazihifadhi ndani ya nini? Na bajeti yako ni kiasi gani? Ukijibu hayo manne, tutazungumza.

Msafiri_wa_Muscat
Mimi sihitaji majibu hayo, Mzee wangu, kwa sababu jibu ni Kuba. Jina la Partagás lipo tangu 1845, na jani lake linatoka Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, ambako udongo mwekundu wa San Luis na San Juan y Martínez hutoa jani la nje na majani ya ndani pia, jambo ambalo maeneo mengi ya tumbaku hayawezi. Serie D No. 4 ina urefu wa milimita 124 na unene wa 50, yaani sehemu 50 za inchi iliyogawanywa mara 64, kwa hiyo karibu milimita 20. Ukiiwasha taratibu, theluthi ya kwanza inakupa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza ya masika, kisha pilipili manga inapanda puani, na mwisho unabaki na uchungu mzuri wa kahawa ya barazani. Tazama pia majivu yake meupe yanavyoshikilia bila kuanguka, utajua umeshika kitu cha maana.

Bi_Kilindini
Kaka wa Muscat, nakuheshimu, lakini weupe wa majivu unaeleza zaidi madini yaliyokuwamo ardhini kuliko ubora wa sigaa, na wapo wasokotaji hodari ambao sigaa zao hutoa majivu ya kijivu iliyokolea. Nimevuta Partagás hiyo mara nyingi, na nikiipata iliyosokotwa vizuri sina neno. Shida yangu ni hilo neno "nikiipata". Katika kasha langu la mwisho, sigaa nne zilikuwa zimebanwa kiasi kwamba kuzivuta kulikuwa kama kunywa uji mzito kwa mrija. Unalipa bei ya kifalme, halafu unabahatisha.

Tena bei yenyewe haikai. Mwaka 2022 Cohiba na Trinidad zilipandishwa ili zilingane duniani kote na bei za Hong Kong, na chapa nyingine za Kuba nazo zikapanda. Mwezi Septemba mwaka huohuo kimbunga Ian kikapiga Pinar del Río na kuangusha mabani ya kukaushia tumbaku. Mtu asitarajie unafuu karibuni.

Kuhusu Padrón, wengi hawajui kwamba ni watu wa Pinar del Río hao hao. José Orlando Padrón aliondoka Kuba baada ya mapinduzi, akaanza kusokota sigaa Miami mwaka 1964, kisha akahamishia kazi Nikaragua, na kiwanda chao cha Estelí kiliwahi kuchomwa moto mwaka 1978 wakati wa vita. Mfululizo wa 1964 ulitoka mwaka 1994 kuadhimisha miaka 30, na tumbaku yake hulazwa angalau miaka minne kabla ya kusokotwa. Nimevuta Exclusivo, saizi mojawapo ya mfululizo huo, jana usiku kibarazani kwa ajili ya mada hii. Nilikata milimita mbili tu za kichwa, nikavuta kabla ya kuwasha, na tayari ulimi ulikuwa umepata kakao na kitu kama zabibu kavu. Moshi wa kwanza ulikuwa na korosho zilizokaangwa mpaka zikaanza kuungua pembeni. Katikati uliingia utamu wa halwa nyeusi, ule wa mwisho wa sahani, ambapo iliki na samli vimeshashikana. Moto ulishuka sawasawa pande zote, sikuurekebisha hata mara moja kwa muda wa saa moja na dakika kumi, na nimevuta zaidi ya kumi za namna hiyo bila kupata iliyoziba.

Mwana_Chumbageni
Nashukuru. Mzee wa Urambo, shikamoo, samahani kwa kutoeleza. Sigaa si zangu, ni zawadi ya mjomba wangu anayetimiza miaka 70. Alikuwa nahodha wa meli za mizigo na huko bandarini ndiko alikojifunza kuvuta. Anaishi Tanga, na nadhani ataziweka kabatini.

Mzee_wa_Urambo
Marahaba. Nahodha wa miaka 70 haogopi sigaa kali, kwa hiyo hoja ya kizunguzungu tuiondoe. Bado hujasema bajeti.

Kwa kuwa nimelima tumbaku miaka 30, niruhusuni neno moja, maana naona watu wanasifu nchi na kusahau kazi. Tumbaku yetu ya mvuke tunaikausha ndani ya bani kwa joto la tanuri linalopita katika mabomba, na baada ya wiki hivi jani limekauka likiwa la njano na sukari yake imebaki ndani. Jani la sigaa halipelekwi kwa haraka hiyo. Linatundikwa penye hewa kwa wiki nyingi mpaka libadilike lenyewe, kisha linarundikwa katika matuta makubwa ambamo linapata joto lake lenyewe na kuchacha, nao wakilipangua na kulipanga upya ili lisiungue. Harufu inayotoka humo ni ya amonia tupu, inachoma macho. Lundo lililoharakishwa utalitambua kwenye ulimi, kwa sababu moshi utakuwasha kooni hata kama pete ya karatasi iliyovishwa sigaa imeandikwa kwa dhahabu. Halafu, majani ya juu ya mmea, wanayoyaita ligero, ndiyo makali na huungua polepole, kwa hiyo msokotaji anayajua mahali pake, ambapo ni katikati kabisa. Akiyaweka pembeni, sigaa inaungua upande mmoja kama mshumaa uliowekwa dirishani.

Abuu_Mkunazini
Kwanza niulize, neno "sigaa" mnalitoa wapi? Wazee wangu walisema biri.

Bi_Kilindini
Biri kwetu Mombasa ni kile kijisigara cha Kihindi kilichofungwa kwa uzi. Ukimwambia mtu umelipia fedha zote hizo kununua biri, atakuitia watu wa kukuombea dua.

Abuu_Mkunazini
Sawa, tuiache, ingawa sijakubali. Nilichokuja kukieleza hasa ni hilo kabati la mjomba, kwa sababu neno hilo limenisisimua mwili.

Mwaka 2019 niliagiza kasha la sigaa 25 za Kikuba kwa mfanyabiashara mmoja, halisi kabisa, zikiwa na muhuri na chapa ya moto chini ya kasha. Nikaziweka juu ya kabati la vitabu katika chumba kisicho na kiyoyozi. Nilijidanganya kwamba hewa ya bahari ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo tumbaku haitakauka, na kweli haikukauka. Ilikuwa kaskazi, joto la mchana lilikuwa likifika nyuzi 32. Nikasafiri wiki tano. Niliporudi nilifungua kasha, nikakuta chini kuna vumbi la kahawia mithili ya mdalasini uliosagwa, na juu ya sigaa nyingi kuna tundu moja au mawili, duara safi, kama limetobolewa kwa sindano ya cherehani. Niligonga moja mezani, akaanguka mdudu wa hudhurungi asiyezidi punje ya ufuta, akajikunja akajifanya amekufa. Ni fukusi wa tumbaku. Mayai yake huweza kusafiri ndani ya jani, na joto likizidi nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, funza wanakula njia yao hadi nje. Nilihesabu sigaa 19 zilizotobolewa. Kwa ubishi niliwasha moja, moshi ukanitokea ubavuni, ikabidi nizibe matundu kwa vidole kama mpiga zumari. Na hayakuishia hapo, kwa kuwa fukusi hao hula hata viungo vikavu. Baada ya mwezi tuliwakuta jikoni, ndani ya kopo la bizari. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo, na bizari sasa inakaa kwenye friji.

Kwa hiyo, kijana, zikifika tu, zifunge katika mifuko miwili isiyopitisha hewa, zitie friza siku tatu au nne, zihamishie friji siku moja ili zisipasuke kwa mabadiliko ya ghafla, ndipo uzitoe. Baada ya hapo, chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na kifuko cha Boveda cha kushikilia unyevu kwenye asilimia 65 kinatosha, mradi chumba kiwe na ubaridi.

Nami nachagua Hemingway Short Story. Jani lake la nje ni la Kameruni, jembamba, lina vinundu vidogo ukipitisha kidole, na utamu wake wa karafuu changa siupati kwingine. Sioni kwa nini Mwafrika apite jani la Afrika akakimbilia la mbali.

Msafiri_wa_Muscat
Jani la nje la Afrika, ndugu yangu, lakini tumbo lote ni la Dominika. Isitoshe ina inchi nne tu. Nahodha ataimaliza kabla hadithi yake ya kwanza haijafika bandarini.

Seremala_wa_Moro
Nimeona chombo cha plastiki kimetajwa, nikaumia. Kasha la sigaa hutengenezwa kwa mbao wanazoziita mwerezi wa Kihispania, ambao si mwerezi wala haukutoka Hispania. Jina lake ni Cedrela, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi wetu. Mti huo umepandwa hata hapa Tanzania, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umestawi hadi kuwa mvamizi anayesonga miti ya asili. Hatuna haja ya kuagiza mbao. Naweza kumtengenezea mjomba kasha lenye mfuniko unaokaa sawasawa, nisipake rangi wala vanishi kwa ndani, akalirithisha.

Abuu_Mkunazini
Kasha zuri halizuii joto, fundi. Langu nalo lilikuwa la mbao.

Kaka_Minneapolis
Mbona hakuna aliyerudia swali la Mzee, kwamba zinanunuliwa nchi gani na nani anazibeba?

Mwana_Chumbageni
Samahani tena. Kaka yangu anaishi Toronto, na atakuja nazo mwezi ujao kupitia New York na Nairobi.

Kaka_Minneapolis
Basi mjadala wote wa Kuba umekwisha hapo. Kanada zinauzwa kihalali, lakini Marekani imeiwekea Kuba vikwazo tangu 1962, na ule ulegevu wa mwaka 2016 ulifutwa Septemba 2020. Abiria haruhusiwi kuingia nazo hata kama amezinunua nchi ya tatu na hata kama anapita tu. Tena kwa safari za kutoka Toronto, maofisa wa Marekani wanakagua abiria palepale uwanjani kabla hajapanda ndege, kwa hiyo atanyang'anywa akiwa bado Kanada. Padrón na Fuente hazina tatizo hilo, na kwa kuwa kodi ya tumbaku ya Kanada ni kubwa, bora aziagize zipelekwe kwa mtu wa New York.

Msafiri_wa_Muscat
Au abadilishe tiketi apitie Ulaya. Kasha la Partagás lina thamani ya usumbufu huo.

Bi_Kilindini
Mtu abadilishe tiketi kwa ajili ya sigaa ambayo huenda imeziba?

Mwana_Chumbageni
Nimempigia shangazi simu ili nimpeleleze mjomba bila yeye kujua. Amesema mjomba hana ubaguzi, isipokuwa hapendi sigaa zenye pembe, eti zinamkumbusha penseli. Je, hiyo Exclusivo si ndiyo iliyobanwa kwenye kasha mpaka ikawa na pembe nne? Na nimeona ipo ya jani la kawaida na ipo ya jani jeusi. Tofauti yake ni nini?

Bi_Kilindini
Ndiyo, ina pembe, lakini ukiishika mdomoni hutazihisi. Jeusi, yaani maduro, limechachushwa zaidi na lina kakao zaidi. La kawaida linaonyesha korosho vizuri. Mimi ningechukua la kawaida.

Abuu_Mkunazini
Short Story haina pembe.

Mzee_wa_Urambo
Leo ni Alhamisi, kijana, na bajeti bado hujasema.