Mjadala: Lori zito, gia zipigwe kwa klachi au bila klachi? Kwanza tuulizane ni giaboksi gani

Wakuu salaam. Huu ubishi kwa madereva wa malori hauishi. Kuna wanaosema anayekanyaga klachi kila gia bado mwanafunzi, klachi ni ya kuondokea na kusimamia basi, na kuna wanaosema ukipiga gia bila klachi unamuulia tajiri giaboksi yake. Nimeendesha kwa njia zote mbili miaka mingi na kinachoniuma ni kwamba pande zote zinaongea kama vile giaboksi zote duniani ni moja.

Chukua giaboksi za Eaton Fuller za gia 10, 13 au 18. Zile hazina sinkronaiza kwenye sehemu kuu ya boksi, yaani ndani hakuna kitu cha kukusawazishia mwendo kabla meno hayajakutana, kazi hiyo unaifanya wewe kwa mguu wa resi na sikio lako. Ndiyo maana ukikanyaga klachi mara moja ukavuta gia kama uko kwenye gari ndogo inakwaruza tu. Dawa yake inayofundishwa ni dabo klachi, unakanyaga unatoa gia, unaachia ukiwa frii, unasubiri raundi zishuke, unakanyaga tena unaingiza. Sasa yule wa bila klachi hesabu anayopiga ni ileile. Unapanda gia, injini iko raundi 1,500 kwa dakika, unalegeza resi kidogo mpaka meno yaache kusukumana, hapo liva inatoka kwa vidole viwili tu, unaiegesha frii, mshale wa raundi unaanguka, ukikaribia 1,100 unaigusa na inazama kimya. Kushuka gia ni kinyume, unatoa, unapandisha raundi kutoka 1,100 mpaka kwenye 1,500 hivi, unaingiza. Hata Eaton wenyewe walitoa giaboksi ya AutoShift ambayo klachi ni ya kuondoka na kusimama, katikati kompyuta inasawazisha raundi na gia inaingia bila kugusa pedeli. Kwa hiyo anayesema ni kosa kwenye boksi hizi aniambie, meno yaliyokutana yakiwa mwendo mmoja yanaumizwa na nini?

Balaa linakuja dereva huyohuyo akipewa lori lenye giaboksi ya ZF ya gia 16, ambayo ina sinkronaiza. Mle ndani kuna pete inayosugua mpaka gia na shafti ziende sawa, na imetengenezwa kwa kutegemea kwamba klachi imekanyagwa, injini imetengwa, imebaki kusawazisha vishafti na pleti ya klachi tu. Usipokanyaga unakiambia kile kipete kibishane na injini nzima. Leo gia itaingia, kesho itaingia, na wewe utajisifu mkono wako mwepesi, halafu siku zinakwenda inaanza kulia hata ukikanyaga klachi mpaka chini, lori linashushwa boksi na dereva anasema lilikuja bovu. Hapo mimi niko upande wa matajiri kabisa.

Na hii hoja ya kwamba bila klachi unaokoa pleti, jamani tusidanganyane. Pleti inaisha pale unapoondoa lori na mzigo, hasa ukiondokea gia kubwa au ukiwa mlimani unalishikilia kwa klachi badala ya breki. Kubadili gia raundi zikiwa sawa hakuili pleti kiasi hicho. Mguu wa kushoto kupumzika hapo nakubali, kwenye foleni ni kitu kikubwa. Ila wanaoitetea klachi nao wana lao, wengi wanaikanyaga mpaka sakafuni lori likitembea, wakati kwenye Fuller pale chini kabisa kuna breki ya klachi, ya kusimamisha shafti ya giaboksi ili gia ya kuondokea iingie kimya, ambayo ni ya lori lililosimama tu, wanaivunja halafu wanashangaa gia ya kuondokea inalia.

Kitu kilichonifanya niwe mkali kwenye hili ni mteremko mmoja, mzigo umejaa, mimi nimeshajiona fundi wa bila klachi. Niko katikati ya mteremko ndio nikataka kupangua gia. Nikatoa. Lori likawa frii, breki ya injini ikafa palepale, likaanza kukimbia. Napiga resi nifikie raundi za gia ya chini, lakini mwendo nao unaongezeka, kila nikifika pale gia imeshataka raundi za juu zaidi, liva inanitetemesha mkono krrrr, haiingii. Nilibana breki mpaka harufu ikaingia kwenye kibini, ndipo mwendo ukashuka na gia ikakubali. Dabo klachi nayo isingenisaidia pale, gia ilitakiwa niipange juu kabla sijaanza kushuka. Ila ule ujasiri wa kupangua popote nilipojisikia niliutoa kwenye mazoea ya bila klachi.

Kwa hiyo msimamo wangu, mwanafunzi afundishwe dabo klachi mpaka ajue raundi kwa sikio, boksi lenye sinkronaiza klachi kila gia, lisilo nayo aachiwe anayejua. Wanaopinga karibuni, na hasa mafundi mnaofungua haya maboksi, semeni mnakuta nini kwenye meno ya Fuller iliyopigwa bila klachi miaka yote na dereva anayejua, kuna tofauti na ya klachi au hakuna?